Pimbi wa Thumrait

Kunjumon ndiye aliyeuona kwanza,
dereva wa greda, mtu wa Kerala,
siku ya tatu ya kuipanua barabara:
utepe mweupe ubavuni mwa kilima,
mwembamba kama ukanda wa mafuta katika nyama.
Akazima injini. Akashuka.
Akausugua kwa kidole, akaonja.
"Si chumvi," akasema, akapiga simu.

Ndivyo tulivyokuja, watu watano na hema moja,
kilomita thelathini kaskazini mwa Thumrait,
ambako ukungu wa Salala haufiki
hata kwa kupotea njia.
Kazi yangu mimi ni jasi na magunia:
nakoroga, naufunga mfupa kama mguu uliovunjika.
Lakini udongo ule ulikuwa laini mno,
Bi Thuraya akaturuhusu sote tuchimbue,
kila mtu na mswaki wake.

Jivu.
Nilidhani jivu ni la jikoni,
la kusugulia sufuria, la kumwagwa.
Hili ukilibana vidoleni
linalia kama wanga mkavu.
Miaka milioni thelathini limekaa hapa
likimtunza mpangaji asiyelipa.

Kwanza likatoka jino.
Kisha taya, kisha mgongo, pingili kwa pingili,
kama tasbihi iliyokatika uzi
shanga zikabaki zimejipanga.
Miguu imekunjwa chini ya tumbo.
Hakukimbia. Au alikimbia, akachoka,
akasema moyoni, ngoja nijilaze kidogo
hii mvua ya kijivu ipite.

"Wabr," akasema Bi Thuraya.
Nami ulimi ukaruka kabla sijaushika:
"Pimbi!"
Wakacheka. Si kwa ubaya.
Muhanna, kijana wa Bahla, akauliza,
neno gani hilo, la kwenu kule?
Kwetu. Kule.
Nimezaliwa Ruwi, nyuma ya kituo cha basi,
ila ulimi wangu una kitambulisho chake,
kimetolewa Wete, na muda wake haujaisha.

Bi Thuraya akachora mchangani kwa ncha ya sindano:
hapa Dhofari, hapa Yemeni, hapa Uhabeshi.
Bahari ya Shamu? Hakuna. Nchi bado haijapasuka.
Moto ulilipuka huko, upepo ukabeba.
Na huyu, mkubwa kama mbuzi,
babu zake walikuja kwa miguu,
bila nahodha, bila mhuri,
wala hapana aliyewauliza
wanatafuna kwa lafudhi ipi.
Niliutazama mchoro ule mpaka upepo ukaufuta.

Wahenga walisema moto huzaa jivu,
wakimaanisha baba shujaa, mwana goigoi.
Hawakufika Thumrait.
Moto ule ulikufa zamani, hata jina hauna;
mwana ndiye aliyekumbuka.

Usiku nikapanda juu ya gari kutafuta mtandao.
Mama alikuwa macho, huko Mabela,
anapanga vidonge vyake vya wiki.
Nikamwambia: pimbi, mama. Wa jiwe.
Akanyamaza. Kisha:
"Ana mkia?"

Maana pimbi, siku ya kugawiwa mikia,
aliona wingu, akaogopa kulowa,
akawatuma wenzake wamletee wake.
Nikasema hatujafika huko,
upande ule jivu limeshikana, labda kesho
nimwombe Muhanna.
"Usimtume mtu," akasema. "Nenda mwenyewe."

Alfajiri, wenzangu wangali wanakoroma,
nikapiga magoti na mswaki wangu.
Pingili. Pingili ndogo.
Nyingine, ndogo kama punje ya mtama.
Kisha jivu tupu.

Nikaendelea kusugua.